Kuendelea na Kemo au Kupumzika: Miaka 80 ya Swali Gumu

Mwanamke wa Kirumba, Mwanza, anayeambiwa leo kwamba saratani ya ovari imerudi ana swali ambalo bibi yake hakuwahi kuulizwa. Alishamaliza mizunguko sita ya kemo, nywele zikanyonyoka na kuota tena, akarudi soko la Mwaloni kwenye dagaa wake. Sasa tumbo limeanza kujaa upya na kipimo cha damu kimepanda. Aanze dripu mara moja? Asubiri kwanza? Na kama ameshaanza na mwili umechoka, aendelee au apumzike? Swali hilo huulizwa kliniki, kwenye kilima cha Bugando. Usiku hujadiliwa nyumbani baina ya mume, dada na shemeji, na mara nyingi anayelijibu si mgonjwa mwenyewe.

Makala hii inafuata safari ya swali hilo, kutoka maabara za Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili hadi wodi za Kampala, Dar es Salaam na Mwanza. Hoja yangu ni moja. Kupumzika kemo kunaweza kuwa uamuzi wa kitabibu wenye busara sawa na kuendelea, lakini ni uamuzi pale tu ambapo dawa ipo, maumivu yanatibika na mgonjwa ameelezwa ukweli. Kwa sehemu kubwa ya historia yetu mambo hayo matatu hayakukutana mahali pamoja. Wanawake wengi wa Kanda ya Ziwa hawakupumzika matibabu, walikatishwa.

Ugonjwa wa kujificha

Ovari ni viungo vidogo vilivyokaa ndani kabisa ya nyonga, na saratani yake huanza kimya. Dalili zake ni zile ambazo kila mama amewahi kuwa nazo: tumbo kujaa gesi, kushiba haraka, kwenda haja ndogo mara kwa mara, mgongo kuuma. Hakuna kipimo cha uchunguzi wa awali kilichothibitika kuokoa maisha ya wanawake wasio na dalili, tofauti na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo hugundulika mapema kwa vipimo rahisi. Kwa hiyo wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa tumboni na maji yamejaa.

Zamani tumbo la namna hiyo lilipewa majina mengine. Wengine walisema ni mimba iliyogoma, wengine wakasema amerogwa, na safari ya kwanza ilikuwa kwa mfumu, mganga wa Kisukuma, mwenye mizizi na maelezo. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 na ikaufungua mji kwa pamba na biashara, lakini hospitali kubwa ya rufaa ilichelewa kwa zaidi ya miaka 40: Bugando ilifunguliwa mwaka 1971. Kabla ya hapo daktari aliyepasua tumbo akakuta uvimbe umeenea alikuwa na jambo moja la kufanya: kulishona tena na kumrudisha mama nyumbani. Swali la kuendelea au kupumzika halikuwapo, kwa sababu hapakuwa na cha kuendelea nacho.

Sumu inageuka dawa

Tibakemia, yaani kemo, ilizaliwa kutokana na silaha. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, Louis Goodman na Alfred Gilman walichunguza kemikali za jamii ya gesi ya haradali, sumu iliyoua na kupofusha askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Waliona kwamba inaangamiza chembe nyeupe za damu, wakajaribu aina yake moja kwa mgonjwa wa saratani ya mitoki. Uvimbe ukasinyaa, kisha ukarudi. Desemba 1943 ndege za Ujerumani ziliishambulia bandari ya Bari, Italia, na meli ya Marekani iitwayo John Harvey, iliyobeba mabomu ya gesi hiyo kwa siri, ikalipuka. Madaktari waliowahudumia majeruhi wakakuta chembe nyeupe zimeporomoka vilevile. Matokeo ya Yale yalichapishwa mwaka 1946 vita vilipokwisha. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston akaonyesha kwamba dawa nyingine, aminopterini, inaweza kuituliza kwa muda saratani ya damu ya watoto.

Kuna jambo la miaka hiyo ambalo husahaulika. Mwishoni mwa miaka ya 1940 David Karnofsky na wenzake, waliokuwa wakitumia dawa hizo za haradali, walitunga kipimo cha kumpa mgonjwa alama kati ya 0 na 100 kwa kuangalia anachoweza kufanya: anafanya kazi yake kama kawaida, anajihudumia mwenyewe, au amelala kitandani muda mwingi. Walitambua mapema kwamba kusinyaa kwa uvimbe hakutoshi kusema dawa imefaa. Lazima yaulizwe pia maisha ya mwenye uvimbe. Hadi leo, daktari anayemwuliza mama kama anaweza kupika, kuoga na kutembea hadi dukani anakusanya alama za namna hiyo, na majibu yake huwa na uzito mkubwa katika kuamua kama mwili utaihimili dripu nyingine.

Ziwa linaingia katika historia

Sura iliyofuata iliandikwa kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa mataya uliowapata watoto wa Uganda. Oktoba 1961 yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson waliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, wakapita Kenya, Tanganyika na nchi za kusini, takribani kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama uvimbe ule unaonekana. Waligundua kwamba unafuata joto, mvua na malaria. Mwambao wa Ziwa Victoria umo katikati ya ukanda huo.

Burkitt alipoanza kutumia dawa za saratani, baadhi ya watoto walipona kwa dozi moja au mbili tu. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huo kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano na Marekani, chini ya John Ziegler. Ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, Charles Olweny, Mganda, akashika uongozi na kuiweka hai taasisi katika miaka iliyowakimbiza wengi.

Ushindi huo ulikuwa wa kweli, na Afrika Mashariki ina haki ya kujivunia kwamba ulimwengu ulijifunza kemo kwa watoto wetu pia. Lakini ulileta matumaini ambayo si kila saratani ingeyatimiza. Watu walizoea kudhani kwamba dawa ikiongezwa, uponyaji nao huongezeka. Saratani ya ovari ya mama mtu mzima ina mwenendo mwingine kabisa.

Platinamu, gome la mti na miezi sita

Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Michigan alipitisha umeme kwenye chombo chenye bakteria na kushangaa kuona wameacha kugawanyika. Kilichowazuia hakikuwa umeme bali madini ya platinamu yaliyoyeyuka kutoka kwenye vipande vya chuma vya kupitishia umeme. Kutoka hapo ikapatikana sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978 kwa saratani ya korodani na ya ovari, na baadaye ndugu yake karboplatini, isiyotesa sana figo na tumbo. Dawa ya tatu ilitoka msituni: gome la mti wa yuu wa pwani ya Pasifiki, lililokusanywa mwaka 1962, lilitoa paklitakseli, iliyoidhinishwa kwa saratani ya ovari miaka 30 baadaye, mwaka 1992.

Karboplatini na paklitakseli ndizo dripu ambazo wanawake wengi hupewa hadi leo, kwa kawaida kila baada ya siku 21, mizunguko sita. Siku ya dripu huanza na kupimwa damu. Chembe zikiwa zimeshuka mno, mgonjwa hurudishwa nyumbani na kupangiwa siku nyingine. Paklitakseli hudondoka kama saa tatu, baada ya dawa za kuzuia mzio. Kichefuchefu hupita na nywele huota. Ganzi ya vidole inaweza kubaki kwa miezi, na kwa mwanamke anayechambua dagaa kutwa nzima au kupasua sangara kwa kisu chenye makali, vidole visivyohisi ni hatari na ni hasara. Daktari asiyeuliza mgonjwa anafanya kazi gani hataijua gharama hiyo.

Mara ya kwanza dawa hizi hufanya kazi vizuri: kwa wanawake wengi uvimbe hupungua sana. Lakini kwa waliogunduliwa ugonjwa ukiwa umesambaa, takribani saba kati ya kumi saratani hurudi. Tangu miaka ya 1990 madaktari wameongozwa na kanuni moja: hesabu muda tangu dripu ya mwisho ya platinamu. Ukizidi miezi sita, kuna tumaini zuri kwamba platinamu itafanya kazi tena, na kadiri muda ulivyo mrefu ndivyo tumaini linavyokua. Ugonjwa ukirudi kabla ya hapo, umeizoea dawa. Kwa hali hiyo ya pili jaribio la AURELIA, lililochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha wanawake 361, lilionyesha ukweli mgumu: kwa waliopewa kemo pekee uvimbe ulisinyaa kwa wanawake kama 12 katika kila 100. Dawa ya bevasizumabu ilipoongezwa walifika 27, ila tofauti ya muda wa kuishi haikuthibitika kitakwimu. Mtu anayeamua kama aendelee ana haki ya kuzisikia namba hizo kwa lugha anayoielewa.

Jaribio lililotetea subira

Mwaka 1981 Robert Bast na wenzake huko Boston waligundua CA-125, protini inayopanda katika damu ya wengi wenye saratani ya ovari. Kipimo hicho kiliweza kutangaza kurudi kwa ugonjwa miezi kadhaa kabla ya dalili. Ikaonekana wazi kwa kila mtu kwamba ukijua mapema, utibu mapema.

Gordon Rustin na wenzake Uingereza na nchi nyingine waliamua kulithibitisha hilo. Waliandikisha wanawake 1,442 waliokuwa wamemaliza matibabu ya kwanza na kupona dalili. Kipimo kilipozidi mara mbili ya kiwango cha kawaida, wanawake 529 waligawanywa kwa kura: kundi moja lianze kemo papo hapo, jingine lisubiri hadi dalili zionekane. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Walioanza mapema walitangulia kupata dripu kwa karibu miezi mitano, lakini hawakuishi zaidi: nusu yao waliishi zaidi ya miezi 25.7, na nusu ya waliosubiri waliishi zaidi ya miezi 27.1, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Zaidi ya hayo, hali ya maisha ya walioanza mapema ilizorota mapema.

Jaribio hilo lina mipaka yake. Tangu wakati huo mengi yamebadilika: mwaka 2021 jaribio la DESKTOP III lilionyesha kwamba wanawake waliochaguliwa kwa makini huishi zaidi wakipasuliwa tena kabla ya kemo ya pili, na kuna vidonge vya jamii ya olaparibu vinavyorefusha muda wa utulivu, hasa kwa wenye mabadiliko ya jeni za BRCA, ingawa bei yake iko mbali na mfuko wa wengi wetu. Penye upasuaji na dawa hizo, kujua mapema kuna faida. Hata hivyo somo la 2010 limesimama: kwa mwanamke asiye na dalili, namba iliyopanda kwenye karatasi peke yake si amri ya kukimbilia dripu. Anaweza kupewa miezi ya kuishi, kufanya kazi na kulea, huku akifuatiliwa, bila kuipoteza nafasi yake ya matibabu.

Wavuvi wa dagaa wanalijua jambo la namna hii. Mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa, watu hulala nyumbani. Hakuna anayesema mvuvi ameacha uvuvi.

Mapumziko ya kulazimishwa

Huko Ulaya wakijadili lini waanze dripu, kwetu swali lilikuwa kama ingefikiwa. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliundwa kisheria mwaka 1996 katika majengo ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba nchi nzima, na kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Mizunguko sita ilimaanisha safari sita za kwenda na kurudi, au karibu miezi minne ya kukaa kwa ndugu mjini. Ng'ombe waliuzwa, watoto waliacha shule, na mzunguko wa tatu au wa nne nauli ikakatika. Kwenye faili iliandikwa kwamba mgonjwa hakurudi. Hakuna aliyeandika sababu.

Mwaka 2011 kiu ya tiba iliyo karibu na rahisi ilionekana na kila mtu. Maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Foleni za magari zilikuwa ndefu kwa kilomita nyingi, na miongoni mwa waliokwenda walikuwamo wenye UKIMWI na saratani walioacha dawa zao. Waliohimili foleni ile hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoshwa na matibabu ya mbali, ya gharama, yasiyoelezwa. Lakini kuacha dawa kwa ahadi ya kupona ni kitu kimoja, na kupumzika dawa huku daktari akiendelea kukuangalia ni kingine kabisa.

Septemba 25 mwaka huohuo, Wangari Maathai alifariki Nairobi kwa saratani ya ovari, akiwa na miaka 71. Mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel aliugua kwa faragha, na mazungumzo yake na madaktari wake ni yake. Tunachokijua ni wosia wake: asizikwe katika jeneza la mbao. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, mmea uleule uliozonga mialo ya Ziwa Victoria. Hata mwisho ulipofika, neno lake lilisikilizwa. Mgonjwa wa Kirumba anastahili kusikilizwa vivyo hivyo.

Hali imebadilika tangu hapo. Bugando sasa inatoa kemo na mionzi kwa wagonjwa wa Kanda ya Ziwa na mikoa jirani, na Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, hivyo mgonjwa wa Sengerema au Geita hasubiri tena kivuko. Kila kilomita iliyopunguzwa imerudisha kwa mwanamke sehemu ya hiari yake.

Chupa ya morfini

Nusu nyingine ya historia hii haihusu kuua uvimbe. Mwaka 1967, mwaka uleule kituo cha Mulago kilipofunguliwa, Cicely Saunders alifungua London nyumba ya kuwatunza wenye magonjwa yasiyopona, akifundisha kwamba maumivu hutibiwa kwa saa, kabla hayajarudi. Anne Merriman, daktari aliyewahi kufanya kazi na Hospisi ya Nairobi, alianzisha Hospisi Afrika Uganda mwaka 1993 kwa dawa moja ya bei ndogo: unga wa morfini uliochanganywa na maji, ukatiwa rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, usiku dozi maradufu ili alale, na hupewa dawa ya kulainisha choo. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu kisheria wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika morfini, kwa sababu vijijini daktari hayupo. Nchini Tanzania nako, Ocean Road imekuwa ikitengeneza morfini ya maji.

Wengi bado huiogopa. Familia husikia tiba shufaa, yaani matunzo ya kupunguza maumivu na dalili, wakadhani mgonjwa ametupwa. Mwaka 2010 Jennifer Temel wa Boston alionyesha kinyume: wagonjwa wa saratani ya mapafu waliopata huduma hiyo tangu mwanzo, pamoja na matibabu ya kawaida, walikuwa na maisha bora na wakaishi muda mrefu zaidi, ingawa matibabu makali waliyopata mwishoni yalikuwa pungufu. Tiba shufaa huenda pamoja na dripu, na hubaki dripu inaposimama.

Mgonjwa aulizwe

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Ulikuwa ukarimu: usimsumbue, mletee anywe. Katika jambo hili nasema mgonjwa aulizwe. Mara nyingi matokeo hupewa mume au kaka, mama akaambiwa ana vidonda vya tumbo, na mwili wake ukaingia katika dripu asizozijua sababu yake.

Maswali ya kumpelekea daktari si mengi. Ni muda gani umepita tangu platinamu ya mwisho? Dawa hii inalenga kuponya, kurefusha maisha au kupunguza dalili? Kwa wagonjwa kama mimi, inasaidia wangapi katika mia? Tutapima lini ili tujue imefanya kazi, na isipofanya tutafanya nini? Nikipumzika, ni dalili zipi zitanirudisha kwako, na nani atanitoa maji tumboni na kunipa dawa ya maumivu?

Majibu yatatofautiana. Aliyekaa mwaka mmoja na nusu bila ugonjwa, mwenye nguvu, ana sababu nzuri ya kuanza tena dalili zikija. Wakati mwingine hata tumbo lililojaa hupungua na hamu ya kula hurudi. Mwenye ganzi kali anaweza kubadilishiwa dawa au kupunguziwa dozi. Aliyeshindwa na dawa mbili mfululizo, anayelala kitandani zaidi ya nusu ya siku, mara nyingi atapoteza zaidi kwa dripu ya tatu kuliko atakachopata. Na aliye katikati ya matibabu akapata homa asiihesabu kama uchovu: chembe zikiwa chini, homa ni dharura, na safari ya hospitali ni ya saa hiyohiyo.

Mapumziko ya kweli yana tarehe ya kliniki, namba ya simu ya kupiga, chupa ya morfini ikihitajika, na ruhusa ya kubadili mawazo. Yakikosa hayo, ni kutelekezwa kwa jina zuri. Kadhalika kuendelea bila kumwambia mgonjwa dawa inalenga nini ni kuutumia mwili wake bila idhini yake.

Kwa hiyo deni la serikali, bima na hospitali ni la pande mbili: dawa zisikosekane kwa anayetaka kuendelea, na tiba shufaa ifike hadi Ukerewe na visiwa vyake kwa anayetaka kupumzika. Deni la familia ni kumwambia ukweli na kumsubiri aseme. Haya yakitimia, mwanamke wa Kirumba atakayesema "naendelea" na jirani yake atakayesema "napumzika" wote wawili watakuwa wamechagua, na sisi tutakuwa hatuna sababu ya kumlaumu yeyote kati yao.